Nyimbo Zilizobaki Kabatini: Yaliyonikuta Nikikusanya Soul Ambayo Haikuwahi Kutolewa

Habari huanza kama uvumi. Mtu anayefahamiana na mtu wa kampuni fulani ya muziki anadokeza kwamba imepatikana tepu ya mwaka 1966, kwamba mwimbaji ni yule tunayemjua sote, na kwamba wimbo wenyewe haujapata kusikika nje ya kuta za studio. Kuanzia hapo hakuna anayetulia: watu wazima wenye wajukuu wanapigiana simu usiku, wanaulizana nani aliutunga, utatoka kwenye santuri au kwa njia ya intaneti tu, na kama yupo aliyekwisha kuusikia japo nusu dakika. Nimekuwa mmoja wao tangu nilipohamia Uingereza kikazi. Msisimko huo umenipa furaha ambayo sijui ningeipata wapi kwingine, na umenila fedha ambazo, kama ningejua mapema namna biashara hii inavyokwenda, sehemu yake kubwa ingebaki mfukoni. Kwa kuwa siku hizi napata maswali kutoka kwa vijana wa Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa ambao nao wameanza kuagiza santuri za zamani, nimeona nieleze mambo yalivyokwenda, pamoja na gharama zake.

Soul, muziki wa Wamarekani weusi uliovuma miaka ya sitini, niliirithi kwa baba yangu mdogo. Alikuwa kijana wa Dar es Salaam wakati bendi za mjini zilipokuwa zikiiga nyimbo za Otis Redding na James Brown, na alikuwapo Novemba 1969 uongozi wa Mkoa wa Pwani ulipoupiga marufuku muziki huo jijini, kwa hoja kwamba ulikuwa wa kigeni na unawaharibu vijana. Santuri zake chache aliendelea kuzipiga nyumbani, madirisha yakiwa yamefungwa, na mimi nilizikuta miaka mingi baadaye zimechakaa kiasi kwamba sindano iliruka mahali pale pale kila mara. Mpaka leo nikiusikia wimbo mmojawapo ukiwa mzima naona kama kuna kitu kimeongezwa. Nilikua nikiamini kwamba hesabu ya nyimbo hizo ilikwisha kufungwa, kwa sababu waimbaji wengi walikuwa wamefariki na studio zenyewe hazipo tena. Nilipofika Uingereza na kuwasikia watu wakizungumzia rekodi "mpya" za mwaka 1965, nilidhani wananitania.

Ilinibidi kwanza niwaelewe watu hao. Kaskazini mwa Uingereza, katika miaka ya sitini na sabini, palizuka kumbi ambamo vijana wa viwandani walicheza usiku kucha nyimbo za soul zenye mwendo wa kasi, nyingi zikiwa zile zilizododa sokoni Marekani kwenyewe. Ukumbi uliovuma kuliko yote ulikuwa Wigan Casino, uliofanya kazi kuanzia 1973 hadi 1981. Wapiga santuri walishindana kupata wimbo ambao mwenzao hana, na aliyeupata alifunika lebo yake kwa karatasi na kuubandika jina la uongo ili siri isivuje. Wimbo wa Frank Wilson, "Do I Love You (Indeed I Do)", ulirekodiwa katika kampuni ya Motown mwaka 1965, nakala zake karibu zote zikaharibiwa kabla hazijauzwa, na Wigan ukachezwa kwa jina la Eddie Foster. Mwaka 2009 nakala moja halisi iliuzwa kwa zaidi ya pauni 25,000. Watu waliozoea kutafuta kwa namna hiyo wasingeridhika na vilivyokwisha kuchapwa. Santuri adimu zilipoanza kwisha, macho yaligeukia maghala ya tepu.

Mtu anapoingia humo kwa mara ya kwanza hudhani kwamba wimbo uliofichwa lazima uwe bora kuliko uliotolewa. Nilikuwa na imani hiyo, na ilinifanya ninunue kila kitu. Dawa yake ni kuuliza, kabla ya kutoa hata senti, kwa nini wimbo huu uliachwa. Majibu yanatofautiana sana, na kila jibu lina thamani yake.

Chukua Motown. Pale nambari 2648 West Grand Boulevard, Detroit, kazi ilikwenda kwa utaratibu wa kiwanda. Wapiga ala walirekodi mapigo ya wimbo mmoja, kisha prodyuza akawaita waimbaji watatu au wanne kwa nyakati tofauti, kila mmoja akaimba juu ya mapigo yale yale. Ijumaa asubuhi wakuu walikaa kikao cha kupima ubora, na Berry Gordy, mwanzilishi wa kampuni, ameeleza mwenyewe swali alilopenda kuwauliza waliohudhuria: ungekuwa na dola moja tu na una njaa, ungenunua santuri hii au sandwichi? Nyimbo zilizoshindwa na sandwichi zilirudi kabatini. Kikao hicho kilikosea pia, tena vibaya. "I Heard It Through the Grapevine" uliimbwa na The Miracles mwaka 1966 ukawekwa kando, Marvin Gaye akauimba mwaka 1967 naye akakataliwa, Gladys Knight na The Pips wakautoa mwaka huo huo ukawa maarufu, na toleo la Marvin Gaye lilipochopekwa kwenye albamu mwaka 1968, watangazaji wa redio ndio waliolichomoa, likakaa nambari moja Marekani kwa wiki saba. Kwa hiyo tepu ya Motown iliyoachwa inaweza kuwa wimbo mzuri uliokosa zamu, na inaweza vilevile kuwa jaribio la nne la wimbo ambao jaribio la kwanza lilishatosha. Nimenunua za aina zote mbili. Ukikuta wimbo uliotangazwa kwa shangwe, tafuta kwanza kama yupo mwimbaji mwingine aliyetoa wimbo huo huo enzi hizo, umsikilize, kisha amua kama unataka kusikia mapigo yale yale yakibebwa na sauti nyingine. Mimi mara nyingi nataka, lakini sasa najua ninachonunua.

Kwa upande mwingine zipo tepu ambazo hazikuachwa kwa uamuzi wa mtu. Otis Redding alifariki katika ajali ya ndege tarehe 10 Desemba 1967, baada ya wiki chache za kurekodi mfululizo, na nyimbo alizoziacha zilijaza albamu zilizoendelea kutoka hadi mwaka 1970. Kampuni ya Stax ya Memphis ilisukumwa kwenye ufilisi Desemba 1975, na mali zake, tepu zikiwamo, zikapita mikononi mwa wengine. Na zipo ambazo hatutazisikia kamwe: Februari 1978 ghala la kampuni ya Atlantic huko Long Branch, New Jersey, liliungua pamoja na maelfu ya tepu, nyingi zikiwa ndizo hasa ambazo hazikuwahi kutolewa. Nilipolisoma jambo hilo niliacha kuamini ahadi za wauzaji wanaotangaza kila mwaka kwamba "sanduku la siri la Atlantic" limefunguka. Vitu vinaendelea kupatikana, ndiyo, ila anayesema amepata aeleze amepata wapi.

Jambo lililonisaidia kuelewa majira ya biashara hii ni sheria. Kwa miaka kadhaa nilishangaa kwa nini Desemba, tena mwishoni kabisa wakati watu wako mapumzikoni, hutokea furiko la nyimbo za zamani zisizotangazwa na mtu. Sababu ni kwamba Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2011, uliongeza ulinzi wa rekodi kutoka miaka 50 hadi 70, lakini nyongeza hiyo inazihusu tu rekodi zilizotolewa kihalali ndani ya miaka 50 ya kwanza. Tepu inayokaa kabatini hadi muda huo uishe inapoteza ulinzi huko Ulaya. Kampuni zikaona ni afadhali kuzimwaga hadharani kabla ya tarehe 31 Desemba. Desemba 2012 kampuni ya Bob Dylan ilitoa nakala kama mia hivi za nyimbo zake za zamani na kuuandika mkusanyiko huo, bila aibu, kuwa ni wa kuongeza muda wa hakimiliki. Motown nayo ikawa na mfululizo wake, "Motown Unreleased", unaobeba mwaka wa kurekodiwa, nyimbo kwa makumi, kwa intaneti tu na bila kijitabu cha maelezo.

Kwa mshabiki hiyo ni sikukuu, lakini ina masharti yake. Weka akiba kuanzia Oktoba, maana Desemba ina karamu nyingine pia. Usitegemee kwamba kilichopo leo kitakuwapo Machi. Nimeona mikusanyiko ikiondolewa bila taarifa, kwa hiyo ninapoupenda wimbo naununua na kuuhifadhi mahali pawili, badala ya kuuacha kwenye huduma ya kusikiliza kwa kulipia mwezi. Fahamu pia kwamba ruhusa hutolewa kwa nchi. Nilikuwa nikimtumia baba mdogo viungo vya nyimbo kwa furaha kubwa na yeye ananijibu kwa upole, "Mwanangu, huku hakifunguki kitu." Na kwa kuwa hakuna kijitabu, andika mwenyewe mara moja jina la mwimbaji, mtunzi na tarehe ya kurekodiwa kama imetajwa, kwa sababu baada ya mwaka utakuwa na mafaili mengi yenye majina yanayofanana na hutakumbuka lipi ni lipi.

Hasara yangu kubwa ilitoka kwenye santuri. Muuzaji mmoja aliniuzia, kwa pauni 160, kile alichokiita asetati ya mwaka 1966 ya wimbo ambao wakati huo nilikuwa nao kwenye CD tu. Asetati ni bamba la alumini lililopakwa lakeri, linalokatwa hapo hapo studioni ili mtunzi au prodyuza akalisikilize nyumbani. Halikukusudiwa kudumu, huchakaa kila likipigwa, na baada ya miaka hamsini huwa na mikwaruzo na pengine lakeri imeanza kubanduka ukingoni. Iliyonifikia ilikuwa nyepesi, safi, na ilipiga kimya kabisa kati ya noti. Nilifurahi kwa jioni moja. Kesho yake niliipiga sambamba na CD, nikasikia katika ubeti wa pili mahali ambapo gitaa linazama kwa kitambo kidogo kisha linaibuka. Mzamo huo unatokana na tepu kuharibika ilipokuwa ghalani kwa miongo. Asetati iliyokatwa mwaka 1966, tepu ikiwa mpya, isingeweza kuwa nao. Nilikuwa nimeuziwa CD yangu mwenyewe, imechongwa kwenye plastiki. Muuzaji alidai hakumbuki kama alitaja mwaka, na kwa kuwa nilimlipa kwa njia ambayo haina dai la kurudishiwa, fedha hiyo ilikwenda.

Tangu hapo sinunui kitu cha bei bila picha ya sehemu laini iliyo kati ya mwisho wa wimbo na lebo. Hapo ndipo huchapwa au huchongwa namba za kiwandani, na ukiinamisha santuri chini ya taa ya mezani utaziona: zilizopigwa muhuri zimenyooka na zina kina sawa, zilizochongwa kwa mkono zina mwandiko wa mtu. Wakusanyaji wameziorodhesha namba hizo kwa bidii ya kutisha, kwa hiyo kulinganisha ni kazi ya dakika chache. Kwa matoleo ya siku hizi angalia kama lebo inamtaja aliyetoa ruhusa. Santuri mpya ya wimbo wa Motown au Stax isiyosema popote imepewa leseni na nani, hiyo ni ya magendo hata kama imechapwa vizuri. Namwonea huruma anayenunua ya magendo bila kujua. Anayenunua huku anajua, kisha analalamika kwamba sauti imepwaya, sina la kumwambia.

Kisha ikaja 2019. Tarehe 29 Machi mwaka huo, siku chache kabla ya ile ambayo Marvin Gaye angetimiza miaka 80, ilitolewa "You're the Man", iliyotangazwa kuwa albamu yake ya mwaka 1972 ambayo haikuwahi kutoka. Historia yake ni ya kweli: wimbo wenye jina hilo, wenye maneno makali kuhusu siasa za Marekani, ulitolewa kama singo mwaka 1972, haukufanya vizuri upande wa wasikilizaji wa pop, na mpango wa albamu ukaachwa. Mashabiki tulipagawa. Mimi niliagiza nakala mbili, moja yangu na moja ya Dar es Salaam. Nilipoketi na orodha ya nyimbo 17 niligundua kwamba nyingi zake nilikuwa nazo tayari, zimetawanyika kwenye CD za mikusanyiko ya miaka iliyopita, na kwamba tangazo halikuwa la uongo, ila lilikuwa na neno moja nililolipita haraka: nyimbo 15 kati ya hizo zilikuwa hazijawahi kutoka kwenye santuri. Tatu pia zilikuwa zimechanganywa upya na prodyuza wa siku hizi, Salaam Remi, na ladha yake inasikika. Sijutii kuwa nayo, kwa maana kuzisikia nyimbo hizo zikifuatana kunampa mtu picha ya Marvin Gaye wa mwaka ule, lakini ningenunua moja.

Somo nililolibeba ni la kusoma tangazo polepole. "Haijawahi kutolewa" huweza kumaanisha kwamba wimbo wenyewe hausikiki popote. Huweza kumaanisha kwamba wimbo upo ila hili ni jaribio lingine la siku ile ile. Huweza kumaanisha mchanganyo wa stereo (sauti ya njia mbili) wa kitu ulichonacho kwa mono (njia moja). Huweza kumaanisha haijatoka kwa namna hii ya chombo, kama ilivyokuwa hapo. Daraja la kwanza ndilo linalostahili kukosesha mtu usingizi. La pili hulipenda mtu anayeijua rekodi ya asili kwa moyo, anayeweza kusikia kwamba mpiga ngoma amebadili mkono. Hayo mengine yasubiri mshahara mzuri.

Baada ya kuungua namna hiyo nilianza kununua kwa watu badala ya matangazo. London kuna lebo, yaani chapa ya kutoa muziki, iitwayo Kent, tawi la Ace Records, ambayo tangu miaka ya themanini imekuwa ikifungua makabati ya kampuni za Marekani zilizokufa, na mtu wake mkuu katika kazi hiyo, Ady Croasdell, ndiye huyo huyo aliyeanzisha na mwenzake usiku wa soul unaofanyika 100 Club, ghorofa ya chini ya ardhi katika mtaa wa Oxford. Yaani anayezitafuta tepu ndiye anayezipima mbele ya wachezaji. Wimbo "Magic Touch" wa Melba Moore, uliorekodiwa miaka ya sitini kwa ajili ya kampuni ya Musicor na kuachwa, ulitolewa kwa mara ya kwanza na Kent katika miaka ya themanini, na ukawa wimbo ambao ukipigwa hakuna anayebaki kitini. Nimeuona ukipigwa: wanaume wa umri wa baba yangu, viatu vyenye soli za ngozi, mmoja akinyunyiza poda ya mtoto sakafuni apate kuteleza, wanazunguka kwa adabu bila kugusana, na ala zinapoingia kwa kishindo mikono yote inapiga kofi moja kwa wakati mmoja. Wimbo huo ulikuwa na umri wa miaka ishirini kabla hajatokea mtu wa kuucheza.

Lebo za namna hiyo huweka kijitabu chenye kurasa za maelezo: nani alirekodi, wapi, lini, tepu ilikutwa katika hali gani, mwimbaji yuko wapi sasa. Zipo nyingine za aina hiyo, Numero Group ya Chicago kwa mfano, iliyoanza 2003 na ikajijengea jina kwa kufufua lebo ndogo za miji isiyotajwa sana. CD yenye kijitabu kizuri hugharimu pauni kati ya kumi na kumi na tano, bei ambayo haifiki sehemu ya kumi ya ile asetati yangu, na imenipa zaidi.

Lakini kilele cha yote kwangu kilikuwa 2023, ulipotoka mkusanyiko wa "Written in Their Soul", CD 7 zenye rekodi 146 za majaribio za watunzi wa Stax. Nataka nieleze ni nini, kwa sababu wengi walinunua wakitarajia kitu kingine. Mtunzi alipomaliza wimbo aliingia studio kwa muda mfupi, pengine na gitaa na ngoma tu, akauimba ili mwimbaji atakayepewa ausikie. Tepu hizo zilikuwa mali ya kitengo cha utunzi, si za kitengo cha kurekodi, na kampuni ilipovunjika zilikwenda njia yake tofauti, zikabaki zimechanganyika na maelfu ya nyingine. Cheryl Pawelski, prodyuza wa mkusanyiko huo, alizisikiliza na kuzichambua kwa zaidi ya miaka 15. Deanie Parker, aliyefanya kazi Stax tangu ujana wake, aliandika maelezo pamoja na mwandishi Robert Gordon, na mwaka 2024 mkusanyiko ulipata tuzo mbili za Grammy, ya albamu ya kihistoria na ya maelezo ya albamu.

Humo yumo Mack Rice akiimba "Respect Yourself" kabla The Staple Singers hawajaufanya kuwa mali ya dunia. Anayeusikia kwa mara ya kwanza akiwa na toleo la The Staple Singers kichwani huhisi kama umevuliwa nguo: besi nzito haipo, kuitikia kwa familia hakupo, amebaki mtu mmoja anayejaribu kumshawishi msikilizaji wake wa kwanza kwamba maneno haya yana kazi ya kufanya. Yumo pia Bettye Crutcher, mmoja wa watunzi wachache wanawake wa pale, aliyefariki 2022, mwaka mmoja kabla kazi hiyo haijatoka. Niliposoma hivyo niliiweka chini kwa muda.

Kosa ambalo nimeliona kwa wengi ni kuimaliza seti kama hiyo kwa siku mbili ili waweze kusema wameimaliza. Masikio huchoka, nyimbo zinakuwa moja, na mtu anatoka akisema hakuona cha ajabu. Mimi husikiliza nyimbo tano au sita, kijitabu kikiwa mkononi, kisha natafuta toleo lililokuja kutolewa kama lipo, nalipiga, na kurudi kwenye jaribio. Tofauti ya hayo mawili ndiyo inayonifundisha kazi ya studio ilikuwa nini.

Kwa wasomaji wa kwetu nataja na lingine, ambalo si soul tupu lakini lilizaliwa kando yake. Septemba 1974 James Brown, Bill Withers, B.B. King na wengine walipanda jukwaani Kinshasa katika tamasha lililotangulia pambano la ngumi la Ali na Foreman, na pamoja nao walipanda Franco na TPOK Jazz, Tabu Ley Rochereau, Abeti na Miriam Makeba. Sehemu ya Waafrika ilirekodiwa vizuri na kukaa kabatini hadi 2017, ilipotolewa kwa jina "Zaire 74: The African Artists". Miaka 43! Nilimpelekea baba mdogo hiyo kabla ya nyingine zote, na ndiyo anayoipiga wageni wakija.

Kupeleka santuri Dar es Salaam nako kuna elimu yake. VAT ya asilimia 18 haihesabiwi kwenye bei ya santuri peke yake. Huhesabiwa kwenye bei ukijumlisha usafiri na ushuru, na kwa kuwa usafiri wa kifurushi kipana na chepesi ni ghali, santuri ya pauni 22 ilimfikia mzee ikiwa imegharimu karibu mara mbili. Agiza kadhaa kwa pamoja ili usafiri ugawanyike. Weka risiti halisi ndani na nje ya kifurushi, maana pasipo risiti thamani itakadiriwa na mtu asiyejua soul. Mwombe muuzaji aitoe santuri kwenye jalada lake na kuiweka nyuma yake, la sivyo ikitupwa njiani ukingo wa santuri utachana jalada. Ikifika isiachwe kwenye gari wala karibu na dirisha, kwani jua la saa sita mchana linatosha kuipinda.

Baba mdogo, lazima niseme, hana unyenyekevu mbele ya tepu zilizofufuliwa. Napiga simu, namwamkia, ananiitikia, kisha anatoa hukumu. Kuhusu rekodi moja ambayo marafiki zangu wa Uingereza walikuwa wakiizungumzia kwa machozi alisema, "Hii waliiacha kwa haki." Alikuwa sahihi: mwimbaji anatafuta ufunguo wa sauti mpaka mwisho wa wimbo na haupati. Kuwa na mtu wa namna hiyo wa kumpigia kabla ya kununua kumeniokolea fedha kuliko ushauri wowote wa wataalamu.

Limebaki suala la nani analipwa. Rekodi ikishavuka miaka 50 bila kutolewa, kwa Ulaya yeyote mwenye nakala anaweza kuichapa na kuiuza bila kumlipa mwimbaji wala warithi wake kwa ajili ya rekodi hiyo, na wapo wanaofanya hivyo kwa majalada yanayovutia. Stax ilianguka Desemba 1975, kwa hiyo mwishoni mwa 2025 hata tepu za siku zake za mwisho zilifika kwenye mstari huo. Tutegemee matoleo mengi ya haraka, mengine yakiwa yamenakiliwa kutoka kaseti ya rafiki wa rafiki. Ninapoona tangazo sasa naandikia kampuni barua fupi ya kuuliza mambo mawili, tepu imetoka wapi na familia ya mwimbaji imeshirikishwa vipi. Kent na Numero na wenzao hueleza hayo kwenye kijitabu hata kabla hujauliza. Wengine hunijibu kwa kurasa mbili, kwa sababu ndicho wanachopenda kukizungumzia. Wasiojibu nawaachia santuri zao.